UZI: Chama kinachopasuka kwa sababu ya hoja. Norway, Jumuiya yetu na sisi wa Nairobi

Mchuuzi wa Marikiti (mwenye uzi)

Salaam wadau. Jumamosi nilimaliza mauzo mapema nikapita bustani ya Jeevanjee, nikakuta baraza limejaa kama kawaida. Mada ilikuwa sarafu moja ya Afrika Mashariki. Kila aliyesimama alimtaja kinara wake, akamsifu, akamponda wa mwenzake, akaketi. Muda wote nilioketi pale hakuna aliyesema chama chake kina msimamo gani kuhusu hiyo sarafu. Mzee mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu akaniuliza, "Kijana, na chako kinataka nini huko Arusha, makao makuu ya Jumuiya?" Nilikosa jibu. Nina kadi ya chama tangu 2007.

Swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu Arusha ndiko riziki yangu inakotoka. Nauza vitunguu, na sehemu kubwa ya vitunguu vyangu huvuka mpaka wa Namanga. Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu, lori nililokuwa nimekodi lilikwama kwenye foleni ya malori ya mahindi. Neti arobaini zikaanza kuota. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, lakini vitunguu havingoji masharti. Uamuzi ule ulitoka kwa nani, na chama gani kiliupigia debe au kuupinga? Mpaka leo sijui.

Kwa hiyo naomba mnivumilie niende mbali kidogo, hadi Norway, kisha nirudi nyumbani. Msiniulize kwa nini Norway kabla hamjasoma. Nchi hiyo ilipopiga kura ya maoni ya pili kuhusu kuingia Umoja wa Ulaya, 1994, ilikuwa na watu kama milioni 4.3. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti ya Nairobi pekee. Basi chukueni kwamba tunazungumzia mji huu wetu ukijadili kama ujiunge na majirani wakubwa au ubaki peke yake.

Mchuuzi wa Marikiti

Neno muungano lina kovu kule. Walikaa chini ya Denmark hadi 1814, kisha wakafungwa nira moja na Sweden hadi 1905 walipojitoa. Mzee aliyepiga kura ile ya maoni ya kwanza, ya mwaka 1972, angeweza kukumbuka kwa macho yake siku nchi yake ilipojisimamia. Ukimwambia huyo habari ya muungano mpya, atakuuliza kwanza ufunguo wa nyumba utakaa kwa nani.

Waliomba kujiunga mara ya kwanza 1962. Ufaransa ya Charles de Gaulle ikaifungia Uingereza mlango mara mbili, 1963 na 1967, na Norway ikabaki nje pamoja nayo. De Gaulle alipoondoka mlango ukafunguliwa. Lakini katikati ya 1970, mazungumzo yakiwa ndiyo yanaanza, nchi sita zilizokuwa ndani zikaafikiana sera ya pamoja ya uvuvi: chombo cha mwanachama mmoja kiruhusiwe kuvua katika maji ya mwingine. Wewe ni mvuvi wa Finnmark, kaskazini kabisa, bahari ndiyo shamba lako, halafu unasikia wageni wamegawana shamba hilo kabla hujakaribishwa mezani. Waziri wa uvuvi mwenyewe, Knut Hoem, aliona mkataba uliopatikana hauwatoshi wavuvi wake, akajiuzulu mapema 1972 badala ya kuutetea.

Sasa tazameni vyama. Waziri mkuu Per Borten aliongoza muungano wa vyama vinne ambavyo ndani kwa ndani havikukubaliana kuhusu Ulaya. Mwanzoni mwa 1971, akiwa ndani ya ndege, alimwonyesha kiongozi wa vuguvugu la Hapana taarifa ya siri iliyotoka kwa balozi wao Brussels, makao makuu ya hiyo Ulaya. Habari zikafika gazetini. Borten akakana, kisha akakiri, na Machi serikali ikaanguka. Akaingia Trygve Bratteli wa Arbeiderpartiet, chama cha wafanyakazi. Huyu alitaka kujiunga, akawaambia wananchi wazi kwamba wakisema Hapana anaondoka. Septemba 24 na 25, 1972, asilimia 53.5 wakasema Hapana. Akaondoka.

Bei ilikuwa kubwa. Chama cha Bratteli kilikuwa na asilimia 46.5 ya kura mwaka 1969. 1973 kikashuka hadi 35.3, kwa sababu waliokuwa wakipinga ndani ya chama walitoka wakaungana na vyama vingine vya kushoto. Venstre ndicho kilichonisikitisha zaidi. Ni chama kikongwe kuliko vyote kule, kimezaliwa 1884. Baada ya kura ya maoni wakakutana mji wa Røros, wakashindwa kupatana, wakagawanyika pale pale mkutanoni. Kilikuwa na viti 13 bungeni. Uchaguzi uliofuata kikapata 2.

Nilipousoma mkasa huu mara ya kwanza nilidhani ni habari ya msiba. Siku hizi nauona kinyume chake, na hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Wale watu walikuwa na vyama vinavyoweza kufa kwa sababu ya samaki wa wavuvi, maziwa ya wafugaji na mamlaka ya bunge. Vyetu hufa kwa sababu gani?

Mwalimu wa Kayole

Ndugu, uzi mzuri, lakini umeruka jambo. Norway ina mafuta. Mtu mwenye mafuta anaweza kuwaambia majirani hapana na bado akalala ameshiba. Sisi tukiwaambia Waganda na Watanzania hapana tutamuuzia nani?

Mchuuzi wa Marikiti

Mwalimu, asante. Kwa kura ya 1994 hoja yako ina uzito, sikupingi. Lakini kura ya 1972 ilikuja kabla ya utajiri. Kisima kikubwa cha Ekofisk kiligunduliwa 1969, na mafuta yalikuwa yameanza kutoka 1971 tu. Aliyesema Hapana 1972 alisema akiwa bado mvuvi na mkulima wa mashamba madogo yenye baridi. Wiki moja baadaye jirani zao wa Denmark, ambao nao ni nchi ndogo, wakasema Ndiyo na kuingia Januari 1973 pamoja na Uingereza na Ireland. Kwa hiyo jibu lenyewe silo ninalolitetea. Mimi sisemi Kenya ijitoe popote, na biashara yangu ingekufa kwanza. Nasemea namna ya kufikia jibu.

Kuhusu 1994, ngoja niwape picha. Waziri mkuu alikuwa Gro Harlem Brundtland, wa chama kile kile cha Bratteli, na alikumbuka kilichowapata. Safari hii chama hakikuwafukuza waliopinga. Waliruhusiwa kuwa na kundi lao ndani ya chama, wakatembea nchi nzima wakisema Hapana huku kiongozi wao akisema Ndiyo. Ufini ilipiga kura Oktoba ikasema Ndiyo, Sweden ikafuata Novemba 13 ikasema Ndiyo, na ratiba ilipangwa hivyo kwa matumaini kwamba Norway ingevutwa. Novemba 28 karibu asilimia 89 ya wapiga kura walijitokeza. Hapana ikapata 52.2. Oslo mjini theluthi mbili walisema Ndiyo. Finnmark karibu robo tatu walisema Hapana.

Brundtland hakujiuzulu, kwa sababu hakuwa ameweka kiti chake rehani. Chama hakikupasuka. Na tazameni Senterpartiet, chama cha wakulima kilichobeba bendera ya Hapana. Mwaka 1993 kiliruka kutoka viti 11 hadi 32. Swali lilipokwisha kujibiwa, 1997 kikarudi kwenye 11. Wapiga kura walikikodi kwa kazi moja, kazi ikaisha, wakarudi makwao. Hili la wapiga kura kurudi makwao naomba mlishike, nitalirudia.

Binti Busia

Mimi nasoma tu hapa nikiwa na vikapu vya dagaa. Nyinyi wa Nairobi mnajua kuandika. Kwetu Busia, mpakani na Uganda, hatuna habari ya chama kinasema nini, tunajua karani wa leo ana roho gani. Sheria ni ile ile, na kila asubuhi inasomwa upya. Unataka vyama vizungumze ili mimi nipate nini?

Mchuuzi wa Marikiti

Dada, pole kwa kazi, na naomba nikujibu kwa heshima. Nataka upate mtu wa kumdai.

Sasa hivi hakuna. Kumbuka Oktoba 2017, Tanzania walipochoma vifaranga 6,400 vilivyovushwa Namanga kutoka kwetu. Kumbuka agizo la Julai 2025 la huko huko, linalowakataza wageni kufanya biashara ndogo ndogo za aina kadhaa. Na sisi tulikuwa tumefanya letu la mahindi 2021. Itifaki ya soko la pamoja inatumika tangu Julai 2010, sote tumeahidiana kwa maandishi. Lakini kila serikali inajua kwamba kuivunja hakuiletei hasara kwenye sanduku la kura, kwa sababu hakuna chama hata kimoja kilichoomba kura yako kwa msingi wa itifaki hiyo. Mkulima wa Norway alimjua mbunge aliyemwahidi nini kuhusu maziwa. Wewe na mimi tunamjua karani.

Mzee wa Jeevanjee

Wajukuu, nimeona bustani yetu imetajwa. Niwaongezee kitu ambacho vijana hawakisemi. Juni 5, 1963, hapa hapa Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini tamko kwamba nchi tatu zitakuwa shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Baadaye tukapata jumuiya ya 1967, tukawa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, na shirika moja la ndege. Ikafa 1977, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka 1983. Katika yote hayo, kuunda na kuvunja, raia hakuulizwa. Sio kwamba tulikataa kujibu.

Mchuuzi wa Marikiti

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho ningeliandika ukutani.

Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako, mwanasheria mkuu wetu wa wakati huo, ilipendekeza shirikisho la kisiasa liharakishwe, na baadaye kila nchi ikakusanya maoni. Watanzania wengi waliikataa ile haraka, ardhi ikiwa moja ya hofu zao kubwa, na serikali yao ikalazimika kuwasikiliza. Tunawalaumu sana Watanzania kwa kuvuta miguu, lakini wao waliulizwa wakajibu, na jibu lao likahesabika.

Sasa nije kwetu. Mwishoni mwa Novemba 2013 marais walisaini itifaki ya umoja wa fedha. Sarafu ilikuwa iwe tayari 2024. Imesogezwa hadi 2031. Sarafu moja maana yake ni kwamba riba ya mkopo wangu itaamuliwa na benki ambayo bunge langu haliwezi kuiita. Huenda ni jambo jema. Shilingi isiyobadilishwa mpakani ingeniokolea fedha kila wiki. Lakini nitajie kampeni moja ya 2013, 2017 au 2022 ambapo wagombea wawili walibishana jukwaani kuhusu hilo. Desemba 2023 Kenya ilisaini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya peke yake, wenzetu wa Jumuiya wakiwa hawapo, na Julai 1, 2024 ukaanza kutumika. Huo ni uamuzi wa uzito wa Norway kabisa: uende na Ulaya au usubiri majirani? Sikusikia chama kilichopasuka. Sikusikia hata kilichokohoa.

Mahali vyama vyetu vinapoiona Jumuiya ni pale penye viti. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa kwa kila nchi, na mkataba unasema wachaguliwe na mabunge ya nchi zao. Mwaka 2006 majina yetu tisa yalipangwa na vyama na kupitishwa na kamati ya shughuli za bunge, bila wabunge kupiga kura. Mwanasiasa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, mahakama ikazuia tisa hao wasiapishwe, bunge zima la kanda likakwama kwa ugomvi wa vyama vya Nairobi. Na marais walifanya nini? Ndani ya wiki chache walirekebisha mkataba, wakaunda ngazi ya rufaa na kuongeza njia za kumwondoa jaji. Mwaka 2022 bunge letu lilipiga kura vizuri tu, na miongoni mwa waliochaguliwa wamo watoto wa vinara wa vyama. Siwasemi vibaya hao vijana, ni raia kama wengine. Lakini jiulize chama kilikuwa kinafikiria Arusha ni nini.

Mwalimu wa Kayole

Hapo kwenye kupasuka ndipo ninapokuogopa. Sisi tulipasuka kwa kura ya maoni. Novemba 21, 2005, kura ya katiba: Ndizi alama ya Ndiyo, Chungwa alama ya Hapana. Serikali ilishindwa, Hapana ikapata asilimia 58, siku mbili baadaye Rais Kibaki akalifuta baraza lote la mawaziri. Chungwa likageuka chama. Miaka miwili mbele ni uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zake, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la sita, na wanafunzi wangu wawili hawakurudi shuleni. Norway waligombana kuhusu samaki wakarudi nyumbani. Wewe unatuombea ugomvi ambao hatuna pa kurudi ukiisha.

Mchuuzi wa Marikiti

Mwalimu, nimekaa na ujumbe wako tangu jana usiku. Nilianza kuandika majibu mara mbili nikafuta.

Una haki. Nilipoanzisha uzi nilikisifu chama kinachopasuka kwa sababu ya hoja, na nilisahau kwamba sisi tulishapasuka. Nimerudi kusoma ya 2005 nikiwa na ya Norway pembeni, na tofauti ninayoiona ni ile niliyowaomba mshike. Vuguvugu la Hapana la 1972 kule liliwakusanya wakulima wa mrengo wa kulia, wasomi wa kushoto, wavuvi na wachungaji wa kanisa. Watu ambao wasingeketi meza moja kwa jambo jingine lolote. Waliposhinda, walilivunja lile vuguvugu. Hawakuligeuza kuwa chama cha kumpeleka mtu ikulu. Kila mmoja akarudi kugombana na mwenzake kuhusu kodi kama zamani.

Chungwa letu halikuvunjwa. Kura ilihusu katiba, lakini chini yake kulikuwa na ule mkataba wa maelewano wa NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Kibaki ikulu: nani aliahidiwa cheo gani 2002 akanyimwa. Kwa hiyo swali lilipojibiwa, cheo kilikuwa bado hakijajibiwa, na watu hawakuwa na ruhusa ya kurudi makwao. Walibaki wamepangwa Ndizi huku, Chungwa kule, hadi Desemba 2007. Naandika haya nikijua kwamba wengine hapa mlizika watu.

Basi narekebisha nilichosema. Kupasuka peke yake si sifa. Ninachokililia ni chama ambacho ndani yake watu wanaweza kupingana hadharani kuhusu jambo la Arusha na kesho yake wakabaki na kadi zao, kama walivyojifunza wale wa Brundtland baada ya kuumia kwa Bratteli. Iliwachukua miaka 22.

Binti Busia

Hilo la kubaki na kadi nimelielewa. Kwetu ukimpinga mwenyekiti wa wadi unanyimwa hata kiti cha kukalia mkutanoni.

Na hao Wanorwe, sasa wametulia?

Mchuuzi wa Marikiti

Hapana dada, hawajatulia, na hapo kuna funzo lake. Waliikataa ndoa lakini wakakubali kuishi nyumba moja. Kabla ya kura ya 1994 bunge lao lilikuwa limeshapitisha, Oktoba 1992, mkataba wa kuwa ndani ya soko la Ulaya bila uanachama, kwa kura 130 dhidi ya 35. Katiba yao ilidai robo tatu ya wabunge kwa jambo la kukabidhi mamlaka nje, sio wengi wa kawaida. Tangu Januari 1994 wanapokea sheria za soko zinazotungwa Brussels, wanachangia fedha, na hawapigi kura zinapotungwa. Wapo wanaoona hiyo ni busara, wapo wanaoona ni aibu.

Vyama vinavyoungana kuunda serikali vimewahi kuandika katika makubaliano yao kile ambacho wao hukiita kipengele cha kujiua: anayeleta ombi la uanachama mezani amevunja serikali. Kilikuwepo kwa serikali ya Kjell Magne Bondevik ya 2001 na ile ya Jens Stoltenberg ya 2005. Wengine hukiona ni woga wa kulikwepa swali. Mimi nakiona ni uungwana: wanaambiana mapema mahali wasipokubaliana, kwa maandishi, na mpiga kura anasoma. Na Januari 2025 Senterpartiet walitoka kweli serikalini kwa waziri mkuu Jonas Gahr Støre, kwa sababu ya sheria tatu za Ulaya kuhusu nishati. Mawaziri waliacha magari na ofisi kwa ajili ya umeme. Miungano yetu ya vyama nayo ina mikataba, sehemu yake huwekwa kwa msajili, na kinachovuja humo siku zote ni mgao wa vyeo.

Mzee wa Jeevanjee

Mjukuu, umeandika sana. Umekwenda kuwauliza chama chako?

Mchuuzi wa Marikiti

Nimekwenda leo mzee, ndiyo maana nilipotea. Nilifunga kibanda saa sita, nikapanda matatu hadi ofisi ya chama. Sitakitaja, kwa sababu naamini vingine havina tofauti. Nilipokewa vizuri. Nikapewa ilani ya 2022, nikaisoma nikiwa nimekaa pale pale. Jumuiya imetajwa, katika sentensi zinazohusu barabara na soko la bidhaa zetu. Sarafu haimo. Shirikisho halimo. Zuio la mahindi halimo.

Nikamwuliza binti wa mapokezi ni nani ndani ya chama anayeshughulikia mambo ya Arusha. Akapiga simu ofisi tatu. Mwisho akachukua daftari, akaniambia nitaje maswali yangu polepole ayaandike. Yalikuwa matatu: mnaitaka sarafu moja au hamuitaki, serikali ikifunga mpaka mtasimama na nani, na mwanachama akiwapinga kwa hayo atabaki na kadi? Aliandika yote kwa mkono, akanisomea nihakikishe, akachukua namba yangu. Nimeambiwa nirudi Alhamisi.

Wenye kadi za vyama vingine, chukueni maswali hayo hayo mpeleke kwenu wiki hii, kisha mweke majibu hapa chini.